SINEMA «PUMZI» NA MASHINE YA KUTAWALA AKILI

Kuna hadithi za namna moja zinazowavuta sana vijana wetu siku hizi. Si hadithi za sungura na fisi, wala si habari za wafalme wa kale. Zinasimulia mambo ya miaka michache ijayo. Ndani yake serikali imepata mtambo wa kuingia katika kichwa cha mtu: inajua anachowaza, inaona anachoota, tena yaweza kuugeuza moyo wake, akaanza kukipenda kile alichokichukia jana. Kila ukuta una jicho. Mtu hana mahali pa kujificha, hata usingizini.

Watu wa Ulaya walitangulia kuziandika. Mrusi Zamyatin aliitunga yake mara baada ya mapinduzi ya nchi yake. Ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1924, kwa maana kwao ilikatazwa. Mwingereza Huxley akafuata mwaka 1932, na Orwell mwaka 1949. Huyo Orwell hakubuni yote kichwani tu. Alipokuwa kijana alikuwa ofisa wa polisi wa serikali ya Kiingereza katika Burma, basi alijua jinsi mkubwa anavyowachungulia wadogo. Leo sitasema zaidi juu ya hao. Nataka kuitazama kazi ya Mwafrika mwenzetu, na kuuliza kama inawafaa watu wa Kasongo na Kabambare, ambao serikali yao haijaonekana hata na mtambo wa kutengeneza barabara.

Jina lake ni «Pumzi». Ni sinema fupi, dakika 20 na kidogo, na aliyeitunga na kuiongoza ni bibi wa Kenya, Wanuri Kahiu. Ilitoka mwaka 2009, na mwaka 2010 ikaonyeshwa Marekani katika tamasha la Sundance. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini ni machache mno, na mengi yanasemwa na mashine. Asiyejua Kiingereza aweza kuifuata kwa macho tu.

Habari yake ni hii. Imepita miaka 35 tangu vita ya tatu ya dunia, vita ya kugombea maji. Juu ya nchi hakuna mti wala jani. Watu waliobaki wanaishi ndani ya jengo kubwa lililofungwa, na kao lao linaitwa Maitu. Maji yanapimwa kidogo kidogo: jasho la mtu na mkojo wake vinakusanywa, vinasafishwa, vinanywewa tena. Umeme unapatikana kwa miguu na mikono ya watu wenyewe, wanaokimbia na kuvuta juu ya mashine pasipo kwenda popote. Asha ni mtunza jumba la makumbusho, panapowekwa mabaki na picha za miti na wanyama ambao hawako tena. Siku moja anasinzia kazini, akaota mti wenye majani mabichi. Mara mashine inatoa sauti: ndoto imeonekana! Inamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Naye anaimeza bila kubisha, kama mtu anayemeza kinini.

Baadaye anapokea kifurushi kisicho na jina la mpelekaji. Ndani mna udongo. Anaupima, anaona una maji na hauna sumu. Anapanda ndani yake mbegu ya zamani, na mbegu inaota. Basi anawaomba wakubwa wa Baraza ruhusa ya kutoka nje akatafute mahali udongo ulikotoka. Wanakataa: nje kumekufa, wanasema. Askari wanaingia, wanaharibu kazi yake, naye anashushwa cheo na kupelekwa kwenye zile mashine za umeme. Anatoroka na mche wake, anatembea jangwani peke yake, anaupanda. Maji yake ya mwisho anaumwagilia mche, na mwili wake anaufanya kivuli cha kuukinga na jua. Mwisho wake na utazamwe na kila mtu kwa macho yake.

Sasa niseme neno ambalo waandishi wengi wa Ulaya hawakuliona, kwa sababu lugha yao haiwasaidii. Katika Kiswahili mtu huota na mbegu huota. Ni neno lile lile. Serikali ya Maitu inamkataza Asha kuota, naye anakwenda kuotesha. Bibi Kahiu ameipa sinema yake jina la Kiswahili, na jina la kao ni la Kikikuyu: Maitu ni mama, na juu ya chupa ya mbegu imeandikwa kwamba neno hilo limetoka katika maneno mawili yenye maana ya «ukweli wetu». Kumbe mtungaji anajali sana maneno. Lakini watu wake wanasema Kiingereza, na mchezo huu mzuri wa neno kuota unawapita bila wao kuusikia. Naona ni hasara. Sinema hii ingetiwa Kiswahili, hata kile cha kwetu cha Maniema, ingekuwa na nguvu mara mbili.

Kitu kilichonipendeza kuliko vyote si mashine. Ni maji. Tazama vizuri, utaona kwamba dawa ya ndoto si pingu ya kweli. Pingu ya kweli ni ile chupa ndogo ya maji ya kila siku. Anayeshika bomba ndiye anayeshika akili. Asha anameza dawa kwa sababu asipomeza hatakunywa, na mtu wa Maitu hawezi kuwaza nje ya Maitu kwa sababu hajui mahali pengine pa kupata tone. Yupo mama mmoja msafishaji wa vyoo, mtu wa chini kabisa, ambaye Asha alimpa sehemu ya maji yake. Mama huyo ndiye anayemsaidia kutoroka. Hawasemezani maneno mengi. Mashine zinazosikia ndoto hazikusikia maji yakimiminwa kutoka chupa hii kwenda chupa ile. Hapo mtungaji amefanya kazi ya fundi.

Upungufu wake ni Baraza. Wale wakubwa wanaonekana katika vioo, wanasema kwa sauti ya upole, wanakataa, basi. Wanafaidi nini? Mtu akiletewa habari kwamba kuna udongo wenye rutuba, kwa nini aikatae? Mtazamaji anaambiwa tu kwamba wakubwa ni wabaya, kama tunavyoambiwa kwamba fisi ni mlafi. Katika maisha si hivyo. Anayetawala akili za wenzake ana sababu, ana mshahara, ana hofu, ana watoto wa kulisha. Nitarudi kwenye jambo hili, maana yuko Mkongomani mmoja aliyelieleza vizuri zaidi.

Kwanza tuulize: mashine za namna hiyo zipo? Nusu zipo. Mwezi wa Januari mwaka 2024 kampuni ya Marekani, Neuralink, ilitia kidude ndani ya ubongo wa mtu aliyepooza, akaweza kuendesha kompyuta kwa nia tu, bila kugusa kitu. Ni msaada mkubwa kwa kiwete, na hakuna aliyemgeuza moyo. Tena mwaka 2021 waandishi wa habari wa nchi nyingi walifunua jinsi programu ya Israeli inayoitwa Pegasus inavyoingia katika simu ya mtu hata kama mwenyewe hakubonyeza kitu, ikasoma barua zake na kusikiliza maongezi yake. Wapo wanasiasa na waandishi waliopelelezwa hivyo. Kwa hiyo jicho lipo, na sikio lipo. Mkono wa kugeuza moyo kwa umeme, huo haujaonekana.

Lakini mkono wa kugeuza moyo kwa maneno ni wa zamani, na watu wa Kasongo wasiende mbali kuutafuta. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili; bwana Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959. Humo anaeleza jinsi alivyoupata utawala wa Utetela, kabla hajaweka makao yake Kasongo. Alikuwa amesikia kwamba mtemi mzee wa nchi ile, Kasongo Rushie, alinyang'anywa dada zake wawili katika vita ya zamani. Tippu Tip akaishika habari hiyo kichwani. Alipofika kwa mtemi, akasema kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa wale dada waliopotea. Mzee akafurahi, akaamini, akamwachia nchi. Na Tippu Tip anaisimulia habari hiyo bila haya, kama mtu anayesimulia jinsi alivyonunua pembe kwa bei nzuri.

Hakutumia dawa wala taa. Alitumia habari za siri za familia ya mtu, na majonzi ya mzee aliyewalilia dada zake. Upelelezi na kutawala akili, yote mawili yamo. Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kufundisha vijana wetu juu ya hadithi hizi, aanze na ukurasa huo kabla ya Orwell.

Tena tulikuwa na hadithi zetu za mashine za kutisha kabla ya sinema. Wazee wa Katanga na wa mashariki wanalikumbuka neno mutumbula. Katika miaka ya 1940 ilisemwa kwamba usiku wanatembea watu waliotumwa na Wazungu kukamata wapita njia. Aliyekamatwa anapotewa na sauti na akili. Hawezi kupiga kelele, anafuata tu kama mbuzi. Analishwa mpaka anageuka nguruwe, kisha anachinjwa. Leopoldville waliambiana habari za mundele-mwinda, Mzungu mwenye taa: akikumulika, nia yako inakwisha. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, uvumi wa namna hiyo uliwashukia hata Mapadri Weupe. Watu wenye masomo walicheka, wakasema ni ushenzi na ujinga. Bibi Luise White, mwana-historia wa Marekani, hakucheka. Katika kitabu chake cha mwaka 2000 alikusanya masimulizi hayo kutoka Uganda, Kenya, Kongo na Zambia, akaonyesha kwamba watu walikuwa wakisema jambo la kweli kwa njia ya kitu kisicho kweli. Kijana alikwenda kazini mzima, akarudi mtu mwingine. Alikula chakula cha kampuni, akalala katika nyumba ya kampuni, akaamka kwa kengele ya kampuni. Je, nani amemla?

Mimi naona mutumbula ni ndugu mkubwa wa «Pumzi». Tofauti ni kwamba wazee walimtaja mla watu ni nani, na sinema haimtaji.

Sasa nimlete yule Mkongomani niliyemwahidi. In Koli Jean Bofane alizaliwa Mbandaka mwaka 1954, na tangu 1993 anakaa Ubelgiji. Mwaka 2008 alitoa kitabu cha Kifaransa kiitwacho «Mathématiques congolaises», yaani hesabu za Kongo, nacho mwaka 2009 kikapata tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika nyeusi. Kijana wake anaitwa Célio. Ni yatima aliyelelewa na padri, fundi wa hesabu, lakini hana kazi, na katika Kinshasa anashinda na njaa kama wenzake. Bwana mmoja, Tshilombo, mkubwa wa ofisi ya habari na mipango iliyo karibu na Rais, anaiona akili yake, anamwajiri. Kazi yake ni nini? Ni kupiga hesabu jinsi watu watakavyowaza. Tukitoa habari hii leo, mji utasema nini kesho? Tukiwalipa vijana waandamane, magazeti ya Ulaya yataandika nini? Célio anapata suti, anapata nyama, anapata heshima. Lakini rafiki yake mmoja amekufa katika maandamano ya kupangwa, ambayo yalitoka katika ofisi ile ile.

Kitabu hiki hakina mashine hata moja ya kuingia kichwani. Mashine ni njaa. Vijana wanakwenda kuandamana kwa ajili ya chama wasichokijua, kwa sababu kuna pesa ya chakula. Célio anaiuza akili yake kwa ajili ya kile kile, ila bei yake ni kubwa zaidi. Na huyo Tshilombo si pepo. Ni karani mkubwa anayeogopa kupoteza kiti. Hapo ndipo Bofane anampita Kahiu: ametuonyesha Baraza kutoka ndani, pamoja na jasho lake. Kosa lake ni maneno mengi. Mara nyingi anasimamisha hadithi ili atupigie hesabu, na msomaji aliyechoka na kazi ya shamba atafunga kitabu. Mwenye kukisoma avumilie, kinalipa.

Wako watakaosema: hayo ni ya kubuni. Haya, tuyakumbuke yasiyo ya kubuni. Mobutu alianzisha chama chake mwaka 1967, na baadaye kila mtoto wa Zaire alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Katika televizyo, kabla ya habari za jioni, uso wake ulionekana ukishuka kutoka mawinguni. Vijijini wengi hawakuuona kamwe, maana televizyo hawakuwa nayo, lakini nyimbo za chama na ngoma zake zilifika mpaka kijiji cha mwisho. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Gazeti «Afrique chrétienne» likafungwa mwaka ule ule, na mwaka 1973 magazeti mengine mengi ya dini yakafuata. Wapelelezi walikuwa kila mahali, hata kanisani. Kama kuna serikali ya Afrika iliyojaribu kuzitawala akili za watu kwa nguvu zake zote, ni ile.

Je, ilifaulu? Watu walicheza ngoma, wakaimba, wakapiga makofi. Nyumbani walimwita mtoto kwa jina la mtakatifu wake, polepole. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristu wa Kinshasa walitoka barabarani kwa maelfu kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, na askari wakawapiga risasi. Hao walikuwa watu wenye miaka 25 ya nyimbo za chama masikioni. Ninalitaja jambo hili kwa sababu hadithi za mashine ya kutawala akili zina ubaya mmoja: zinamsifu mno mtawala. Zinamfanya kuwa na uwezo ambao hakuwa nao kamwe. Katika kitabu cha Orwell mtu anavunjwa mpaka anampenda mtesaji wake. Kahiu ameepuka kosa hilo. Asha amemeza dawa miaka mingi, na bado anaota.

Nafika sasa kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Mtu wa Kabambare akiitazama «Pumzi», ataiogopa ile serikali inayoona yote? Nadhani ataicheka kidogo. Serikali aliyoizoea ni ya namna nyingine. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Kwa miaka mingi kadi ya kupigia kura ndiyo ilikuwa kitambulisho, kwa kuwa kingine hakuna. Mashine za kupigia kura zilifika mwaka 2018 na zikarudi mwaka 2023, zikitangulia mahali ambapo taa ya umeme haijafika. Watu wenye silaha wakiingia kijijini usiku, wakachukua mbuzi na binti za watu, na familia zikakimbilia porini, hakuna jicho linaloona. Hakuna mtambo unaopiga kelele. Mama aliyelala chini ya mti na watoto watatu angesema: heri serikali ingetuona!

Lakini serikali hiyo hiyo haikuwa kipofu siku zote, wala kwa mambo yote. Sheria ya tarehe 20 Februari 1917 iliwapa wakubwa wa koloni ruhusa ya kulazimisha kila mwanakijiji kulima siku 60 kwa mwaka kile walichokitaka wao. Katika Maniema walitaka pamba. Basi wasimamizi walikuja kupima shamba la kila mtu, wakahesabu mashina, wakaandika jina la mvivu katika daftari. Walijua nani amepanda na nani amelala. Wakati wa njaa daftari halikuonekana. Hilo ndilo jicho letu: linafunguka wakati wa kuchukua, linafumba wakati wa kutoa. Sinema ya kuonyesha jicho la namna hiyo, lenye kufunguka na kufumba, haijatungwa bado. Kijana wa Kasongo mwenye simu nzuri na subira aitunge.

Wala wazee wetu hawakukaa tu wakitazamwa. Osumaka Likaka, mwana-historia Mkongomani, alitoa mwaka 2009 kitabu kizima juu ya majina ambayo wanavijiji waliwapa Wazungu. Kila ofisa, kila mnunuzi wa pamba alipata jina, na jina lilikwenda mbele yake kutoka kijiji hata kijiji, likiwaambia watu huyu ni mkali, huyu anapiga, huyu anapenda wanawake. Mzungu alidhani anasalimiwa. Serikali yenyewe iliitwa Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley kwanza. Wachunguliwa walikuwa wakimchungulia mchunguliaji. Ningependa kuwaona watu wa Maitu wakiwapa wakubwa wa Baraza majina ya namna hiyo. Wangecheka kidogo, na sinema ingepata pumzi zaidi.

Na simu je? Nayo si jambo dogo. Siku ya mwisho ya mwaka 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima, ikakaa karibu siku 20. Serikali haikuingia katika kichwa cha mtu. Ilikata ulimi wake. Watu wa vijijini wanaopanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao hawakuona tofauti kubwa, lakini mjini watu walikaa gizani, wakila uvumi. Hapa radio zina kazi. Kasongo kuna radio ya wenyeji, Sauti ya Mkaaji, na tangu mwaka 2002 Radio Okapi inasema Kiswahili pamoja na lugha nyingine. Anayesikia radio mbili ni vigumu kumdanganya kuliko anayesoma ujumbe mmoja wa simu uliopitishwa na mtu asiyemjua. Ujumbe wa simu, naweza kusema, ndio mutumbula wa leo: unakuja usiku, humjui aliyeutuma, na asubuhi unajikuta unamchukia jirani.

Kuna sinema nyingine inayotajwa pamoja na hii, «Neptune Frost» ya mwaka 2021, ya Mmarekani Saul Williams na Mnyarwanda Anisia Uzeyman. Ilipigwa Rwanda, na Kiswahili kimo kati ya lugha zake. Vijana waliotoroka machimbo ya koltani wanajenga kijiji kwa mabaki ya kompyuta, wakaingia kwa siri katika mitambo ya dunia. Nyimbo zake ni nzuri. Hadithi yake ni kama uzi uliochezewa na paka. Nimeifuata kwa taabu. Lakini imefanya jambo moja ambalo «Pumzi» haikufanya: imeuliza jicho la mashine limetengenezwa kwa mawe ya nani. Mchimbaji wa Maniema anayeponda kasiterite kwa nyundo hajui kwamba bati ya jiwe lile ndiyo inayoshikamanisha nyaya ndani ya simu itakayompeleleza mtu wa mbali. Naye anapotazama sinema juu ya serikali inayopeleleza, anaitazama ndani ya jiwe lake mwenyewe.

Mwenye kutaka kuwaonyesha vijana wa parokia «Pumzi», afanye hivi. Ni fupi, aionyeshe mara mbili. Mara ya kwanza awaache waitazame tu, na mtu mmoja awatafsirie yale maneno machache. Mara ya pili aisimamishe pale Asha anapompa maji yule mama msafishaji, awaulize: huyu mama amejua nini ambacho Baraza halikijui? Awape nafasi ya kujibu, hasa wasichana, maana ndio wanaojua uzito wa ndoo. Kisha aendelee mpaka mwisho, asizime kabla majina hayajapita, kwa sababu baada ya picha kwisha inasikika sauti ya radi, na wengine hawaingoji.